Kapiteni Hana Baba

Théo tulimzika Ijumaa. Jumamosi mchana nilikuwa nimekaa kwenye matanga yake, chini ya turubai lililofungwa kati ya nyumba na mti wa avoka, nikibishana na Bienvenu juu ya jambo lililotokea tukiwa vijana. Bienvenu alikuwa ameingia Bunia asubuhi hiyo kutoka Kampala. Ana kipara sasa, ana miwani, na alipokaa kwenye kiti cha plastiki miguu ya kiti ilifunguka kidogo. Hatukuwa tumeonana tangu tukiwa na miaka kumi na saba, na badala ya kuniuliza habari za watoto alisema, "Alicheka, Mado. Mi nakumbuka muzuri. Aliingia, akakaa, akacheka, njo akasema ile maneno." Nikamwambia hapana, Théo hakucheka, uso wake ulikuwa umelowa mvua. "Mvua gani? Ilikuwa jua kali," akasema. Wanawake wa kwaya walikuwa wakiimba karibu na mlango, na mjane wa Théo alitutazama kama watu wanaogombea urithi. Rafiki yetu wa tatu, Amisi, yule ambaye maneno hayo aliambiwa yeye, alikuwa bado njiani kutoka Mongbwalu, na kwa barabara ile hakuna anayeweza kusema mtu atafika lini. Mimi nilikula wali wangu bila kujua ninachokula. Tulikuwa chumba kimoja, meza moja, alasiri moja. Itakuwaje mmoja akumbuke jua na mwingine mvua?

Mwaka ule nilikuwa nasoma humanités, yaani sekondari, na kulala kwa mama yangu mdogo, karibu na soko. Simu za mkononi zilikuwa hazijafika kwetu. Mtu akitaka kuongea na watu wa mbali alikwenda kwenye phonie, ile redio ya kupokezana sauti inayokula betri ya gari, akasubiri kwenye benchi mpaka mtu wake aitwe huko aliko. Nyumba ya phonie niliyozoea ilikuwa na vyumba viwili. Mbele kulikuwa na mashine, benchi, na picha ya Bikira Maria iliyopauka kwa jua. Nyuma ya pazia kulikuwa na chumba cha Théo, mwenye kushika kipaza sauti. Alikuwa mkubwa kwetu kwa miaka michache tu, lakini alikuwa amesoma fizikia Kisangani mpaka masomo yalipokatika, kwa hiyo tulimwita Yaya Théo kwa heshima. Dirisha la chumba chake lilitazama jiko la Mama Vero, aliyepikia wasafiri, na moshi wa sombe, majani ya muhogo, uliingia humo mchana kutwa, ukakaa kwenye mashuka na kwenye karatasi. Hata leo nikisikia harufu ya sombe yenye mawese natafuta kwa macho mahali pa kuketi.

Siku ya kwanza nilikwenda kumwita mama yangu, Mahagi-Port. Waliotumwa kumtafuta walisema yuko kwa wachuuzi wa samaki, nisubiri. Nikasubiri. Nyuma ya pazia nikasikia sauti ya Théo, ya chini, yenye haraka: "Capitaine iko inje. Hewa inamuishia. Munafanya nini?" Sisi wa ziwani tukisema capitaine tunamaanisha samaki, yule mkubwa mwenye nyama nyeupe, na mimi niliona ni jambo la kawaida kabisa kwamba capitaine akiwa nje hewa inamwishia. Kisha sauti nyingine ikapaa, "Namuvuta na kamba!" na ya tatu ikasema, "Weye utamukata! Iko katikati ya nyota, hakuna fasi ya kusimama!" Hapo nikapotea. Nikafunua pazia. Hapakuwa na samaki. Palikuwa na meza, vijana wawili, Théo, karatasi za daftari zenye michoro ya duara, na sahani ya ndizi za kukaanga.

"Weye nani?" akauliza Théo.

"Nangojea mama kwenye phonie."

"Unaweza kungojea huku. Ikaa. Tunakosa docteur."

Ndivyo nilivyoingia. Kwa Kifaransa mchezo ule unaitwa jeu de rôle. Sisi tuliuita Chombo, kwa sababu ya chombo cha angani tulichosafiria. Mmoja, ambaye siku zote alikuwa Théo, anaeleza mlipo na kinachowatokea. Wengine kila mmoja ana mtu wake aliyemtunga, na anasema mtu huyo anafanya nini. Jambo likiwa gumu unatupa dadu mbili. Basi. Hakuna ubao, hakuna kete za kusogeza. Nilimuuliza Théo nani anashinda, akasema hakuna. Nikauliza unaisha saa ngapi, akasema hauishi. "Sasa munachezea nini?" nikauliza, na yule kijana mwembamba, ambaye ndiye Bienvenu, akanijibu kwa huruma, kama unavyomjibu mgeni: "Juu ya kuyuwa itakuwa nini." Ili kujua kitakachotokea, basi.

Mtu wangu wa kwanza alikufa kabla sijacheza. Sitanii. Katika mchezo ule unaanza kwa kutunga maisha ya mtu wako yaliyopita, alisoma wapi, alitumikia jeshi gani la angani, na kila kipande cha miaka unatupa dadu kuona kama alinusurika. Nilikuwa nimemtunga daktari mrembo, jasiri, nikampa na jina la Kifaransa nililolipenda, nikatupa dadu, Théo akatazama kitabu chake cha kanuni za mchezo na kusema, "Pole. Amekufa."

"Juu ya nini anakufa? Siyaanza ata kucheza!"

"Njo règle iko vile."

"Ni règle ya namna gani hiyo?"

Amisi, kijana mpana wa mabega aliyekuwa kapiteni wetu, akacheka mpaka akashika tumbo. Yeye aliwahi kufa mara kadhaa, akasema, mpaka akajifunza kutompenda mtu kabla ya kumpeleka jeshini. Kapiteni aliyempata mwishowe alimtunga kwa uangalifu ili asiwe na cha kupoteza: aliokotwa akiwa mchanga ndani ya sanduku la mizigo, hana baba, hana mama, hana dunia anayotoka. Mimi nilitunga daktari wa pili, mwanamke wa makamo mwenye mguu mbovu na hasira. Huyo aliishi. Mama yangu alipopatikana kwenye phonie nilikuwa nimemsahau. Aliniuliza mbona nahema.

Kitabu cha mchezo kilikuwa hakina jalada, na kurasa za mwisho hazikuwepo. Théo alikirithi Kisangani kwa mwanafunzi mwenzake, aliyekirithi kwa padri mmoja Mbelgiji aliyerudi kwao. Kwa sababu ya kurasa zile, mambo mengi Théo aliyakisia, na historia ya mchezo aliyotueleza ilikuwa nusu ya kweli na nusu yake mwenyewe. Mpaka leo sijui ipi ni ipi. Alisema ulianza Marekani, kwa wanaume wazima wenye ndevu waliopenda kupigana vita mezani kwa vinyago vidogo vya askari, vya risasi. Kila mmoja alisogeza majeshi mazima. Halafu siku moja mtu mmoja akainua askari mmoja tu na kuuliza: na huyu, jina lake nani? Anaogopa nini? Hapo vita vikageuka kuwa hadithi. Kwanza walicheza mapanga na majoka, kisha haikuchukua muda wengine wakaupeleka kwenye nyota. "Batu bazima?" Amisi aliuliza. "Bababa wenye batoto banakaa na kucheza vile?" Théo akaapa kwamba ni kweli. Amisi akatikisa kichwa. Baba yake alinunua na kuchimba dhahabu Mongbwalu, mtu wa swala tano na maneno machache, na nadhani Amisi alikuwa anajaribu kumwona mzee yule na askari wa risasi mkononi.

Nimejiuliza mara nyingi ni nini kilitushika. Leo mpwa wangu ananionyesha kwenye simu watu wa Ulaya na Asia wanaocheza michezo ya aina hiyo mbele ya kamera, na wengine wanalia kweli mtu wao akifa. Nikiwatazama najua wanachohisi lakini sijui kukieleza. Mwaka ule Bunia ilikuwa mji wa kuulizwa majina. Kila barrière ya askari barabarani, kila ofisi, kila shule, mtu alikuuliza jina lako ili ajue jina la baba yako, na jina la baba ili ajue kilima mlikotoka na kabila lenu. Bienvenu alikuwa na njia tatu za kwenda nyumbani na alichagua kulingana na nani amesimama wapi. Kwenye Chombo tulitua kwenye dunia tusiyoijua, watu wake wana ngozi ya kijani au hawana ngozi, na walichotuuliza ni kama tuna mafuta ya kuuza. Nilimwuliza Théo kwa nini alichagua nyota na si majoka. Akawaza. "Majoka iko na bafalme," akasema, "na bafalme bako na ukoo. Kule juu hakuna mutu anayuwa babu yako." Kisha akatazama pembeni kama amesema neno baya.

Tulicheza Jumamosi baada ya chakula, na wakati mwingine Jumatano. Dadu moja ilikuwa ya plastiki. Ya pili ilikuwa imepotea zamani, kwa hiyo Bienvenu alichonga nyingine kwa sabuni ya bluu, nayo ikaliwa upande mmoja na joto la mikono yetu mpaka ikawa inapenda sita. Tulijua na hatukuitupa. Mama Vero alipitisha sahani dirishani: bugali, sombe, siku nzuri vipande vya makayabo, samaki wa chumvi. Phonie ikiita, Théo alinyanyuka katikati ya sentensi, tukabaki tunaelea angani huku tukisikia nyuma ya pazia maisha ya watu. "Bunia, Bunia, unanipata? À vous." "Nakupata muzuri, cinq sur cinq." Mtu ameoa. Mbuzi wamefika. Mtoto ana homa, mlete. Théo akirudi aliendelea pale pale alipoachia, na mara nyingine sauti za redio ziliingia naye: alishika kopo la maziwa mdomoni na kusema kwa ile sauti ya kukwaruza, "Chombo, Chombo, unanipata?" Tulikuwa tunacheka. Usiku nikilala niliota mama yangu anauza samaki kwenye mwezi.

Mama mdogo aliposikia kwamba kila Jumamosi ninajifungia na wavulana tukiongea na viumbe wa mbinguni, alikuja mwenyewe, amefunga kitambaa chake cha sala. Nilitaka kuingia chini ya meza. Alikaa kwenye kitanda cha Théo, mkoba magotini, akasikiliza mpaka ndizi zikapoa. Nilikuwa namtibu mtu aliyechanwa na mashine, Bienvenu alikuwa anatengeneza injini, Amisi anatoa amri. Mama mdogo akainua mkono kama yuko darasani.

"Nauliza. Nani anapika kwenye hiyo chombo?"

Hakuna aliyewahi kufikiri.

"Munasafiri miezi, hakuna mutu anapika? Basi mutakufa na njaa, haiko mashetani ndio itawaua." Akasimama, akaniambia nirudi nyumbani kabla ya giza, akaenda. Tangu siku ile chombo chetu kilikuwa na mpishi, mwanamke mkali anayesali sana, na Théo alimsemesha kwa sauti iliyofanana mno na ya mama mdogo.

Basi nije kwenye siku yenyewe. Kwa kumbukumbu yangu mvua ilikuwa inanyesha, nasikia mabati. Mchezoni tulikuwa tumefika kwenye mwezi mmoja mkavu wenye migodi, na vita vilikuwa vinakuja, na wachimbaji walitaka kuondoka. Chombo kilikuwa kimejaa. Wengine walikuwa bado chini mashimoni, na kapiteni alipaswa kuamua: tunawangoja au tunaruka? Mimi nilisema tungoje. Bienvenu alisema injini zitaungua. Amisi alikuwa amekunja uso, anazungusha dadu ya sabuni mkononi. Phonie ikaita. Théo akaenda. Safari hii alikawia, na kwa sababu ya mabati hatukusikia kitu. Aliporudi aliketi taratibu. Hakuchukua kopo. Aliweka mikono yote miwili mezani, akamtazama Amisi na kusema:

"Capitaine. Iko na ujumbe kutoka chini. Shimo imeanguka. Baba yako alikuwa ndani."

Bienvenu akapiga meza. "Yaya Théo, umesahau! Capitaine hana baba! Walimuokota mu caisse!" Akacheka. Hicho ndicho kicheko ninachokikumbuka mimi. Ni chake yeye, ingawa kwenye matanga sikuwa na moyo wa kumwambia. Amisi hakumtazama Bienvenu. Alikuwa anamtazama Théo.

"Ni kweli," akasema. "Capitaine hana baba. Tunangojea bale ba chini. Natupa dadu."

Akatupa. Théo akaisoma dadu kwa muda mrefu kuliko dadu inavyohitaji, akasema lango limefunguka, wa kwanza wanapanda. Na tukacheza. Hili ndilo ambalo sijaweza kulielewa maisha yangu yote: tukacheza. Wachimbaji walipanda mmoja mmoja na Amisi aliwauliza kila mmoja jina, akawapa maji, akamwambia daktari wangu atazame mguu wa yule, kifua cha huyu. Sijawahi kumwona akicheza vizuri vile. Nilikuwa na furaha. Kisha mlango wa nje ukafunguka na Mama Vero akaingia na unga wa muhogo mpaka viwiko, kwa kuwa mtu aliyekuwa kwenye benchi la phonie alikuwa amesikia yote na kumwambia, akamkumbatia Amisi kutoka nyuma, kiti na yote, akalia, "Mutoto yangu, mutoto yangu, pole, baba amekuacha."

Amisi alikaa ndani ya mikono ile. Bienvenu alimtazama Mama Vero, akamtazama Théo, na niliona uso wake ukibadilika alipofahamu alichokuwa amekichekea. Akaruka juu ya meza. Alimpiga Théo kofi, kisha ngumi. "Weye uliyuwa! Uliyuwa na ukaacha tunacheza!" Théo hakujikinga. Alisema tu, "Nilikosa maneno. Nilikosa maneno." Damu ya pua ilimwangukia shatini. Jioni hiyo wajomba wa Amisi walimpakia kwenye gari la mizigo lililokuwa linaenda Mongbwalu, na Bienvenu hakukanyaga tena nyumba ya phonie. Kabla ya mwaka kwisha familia yake ilivuka kwenda Uganda, kama wengi walivyovuka, na hatukuagana.

Mimi nilibaki. Wiki kadhaa baadaye Théo alinisimamisha njiani nikitoka shule. Akasema hawezi tena kushika kipaza sauti. Akikishika maneno yanamkosa. Akaniomba nikae pale alasiri, yeye atashughulikia betri na antena. Sijui mpaka leo kwa nini nilikubali, maana nilikuwa na hasira naye. Labda nilitaka kumwonyesha habari mbaya inavyosemwa. Habari mbaya ya kwanza iliyopita mikononi mwangu ilikuwa ya mwanamke muuza mawese. Kaka yake alikuwa amefariki Mahagi. Nilisimama mbele yake na kusema, "Mama, kaka yako amekufa," bila kuzunguka. Alianguka pale pale kwenye saruji. Nilimshika. Nyuma ya pazia nilimsikia Théo akisogeza kiti, lakini hakutoka. Nikasema moyoni: angalau huyu hakudanganywa hata kidogo.

Kutoka pale, ukiniuliza, ndipo yametoka maisha yangu yote. Nilisomea uuguzi. Hospitalini waligundua mapema kwamba naweza kusema kile ambacho wengine wanakwepa, na kwa miaka mingi sasa daktari akishindwa kumtazama mama mkwe au mume wa aliyefariki, ananiita mimi. Nasimama, nasema kwa sentensi ya kwanza, sizunguki. Wanafunzi ninaowafundisha nawaambia vile vile. Sijawahi kuwaambia nilikojifunza. Na Théo tuliendelea kuonana, mji huu si mkubwa. Alikuja kuwa fundi wa redio, akaoa, akazaa, tukasalimiana vizuri, nikamtibia watoto. Kamwe hatukuizungumza siku ile. Kulikuwa na mara alipotaka, nadhani. Aliwahi kukaa kwenye veranda ya wodi akizungusha kofia mkononi, kisha akauliza bei ya dawa ya minyoo.

Amisi alifika matangani Jumapili, baada ya saa sita, matope mpaka magotini. Ndevu zake zimekuwa nyeupe. Anauza vipuri vya pikipiki Mongbwalu na ana wajukuu. Alimpa pole mjane, akaomba dua peke yake pembeni mwa kaburi, nyuma ya nyumba, kisha akaja kukaa kati yetu sisi wawili kama mtu aliyeachana nasi jana. Bienvenu hakungoja hata apewe chai.

"Amisi. Sema weye. Ule Théo alicheka ao hakucheka?"

"Wakati gani?"

"Weye unayuwa wakati gani."

Amisi alivua viatu, akagonga matope. "Hakucheka. Mulicheka nyiye. Weye na Mado."

"Mimi?" nikasema. "Mimi sikucheka."

"Ulicheka, Mado. Tena sana. Ulifunika na mukono." Alisema bila lawama yoyote, kama mtu anayetaja rangi ya nyumba. Nilitafuta kicheko hicho kichwani mwangu na sikukipata. Bado sijakipata. "Ni muzuri mulicheka," akaendelea. "Kama hamungecheka ningeanguka."

Bienvenu akavua miwani. "Ungeanguka namna gani? Hukuyuwa. Ulifikiri ni mchezo."

"Niliyuwa."

"Uliyuwa lini?"

"Pale pale. Théo hakuwa na kopo. Na alisema *baba yako*. Ananiita mimi capitaine na kusema baba yako, na capitaine hana baba. Niliyuwa mbele ya weye kufungua kinywa." Akatazama watoto waliokuwa wanacheza na viti vilivyobaki. "Lakini weye ukasema, capitaine hana baba. Na mi nikaona, eh, ni kweli. Kama nabaki capitaine, bado kidogo siko yatima. Nikamuangalia Théo, nikaomba na macho. Aniache. Naye akaniacha."

Bienvenu akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Juu ya nini haukuniambia? Nilimupiga! Nilimupiga ule mutu, nikaenda na ile roho miaka yote!"

"Haukuniuliza. Ulimupiga, nikapandishwa gari. Nilirudia Bunia, weye hauko." Amisi akamshika mkono. "Mi nilikuwa nakuya kwake kila nikishuka mujini. Tulikula pamoja. Ikaa, Bienvenu."

Bienvenu hakukaa. Alikwenda mpaka kaburini, ambapo udongo ulikuwa bado mwekundu na maua ya plastiki yamelala upande mmoja, akasimama pale mikono mfukoni. Sijui alisema nini au kama alisema. Mimi nilimgeukia Amisi na kumuuliza lile nililotaka kumuuliza Théo siku zote: je, alifanya vizuri au vibaya? Amisi alifikiri mpaka chai yake ikafanya utando juu.

"Siyui, Mado. Kila mwaka nawaza ingine. Kuna wakati nasema alinipa zawadi. Kuna wakati nasema ningepaswa kulia mbele, mapema, na yeye aliniibia. Siyui ata kama ni yeye aliniacha ao ni mimi nilimulazimisha." Akanywa. "Lakini bale bachimbaji tulipandisha bote. Unakumbuka? Bote."

Jumatatu nilirudi kazini na kichwa kizito. Kabla ya saa nne walinileta kwa mwanamke mmoja kwenye benchi la wodi ya upasuaji, mgeni wa mji, kitenge kimelowa, amemsindikiza mume wake aliyepata ajali kwenye barabara. Mume alikuwa amefariki kwenye meza ya upasuaji. Nilisimama mbele yake kama ninavyosimama siku zote, sentensi iko tayari mdomoni. Akaniangalia usoni, na kabla sijafungua kinywa akasema, haraka sana, "Mama, kwenu mvua inanyesha pia? Nimeacha mihogo inje, kwenye mawe. Batoto yangu habana akili ya kuingiza mihogo."

Nilikaa. Nikamwambia ndiyo, hata kwetu inanyesha tangu asubuhi. Akanieleza juu ya mihogo, ni ya shamba gani, iliyochanganywa na mahindi inafanya bugali ya namna gani, na binti yake mkubwa jina lake nani, ambaye labda, labda, angekumbuka. Nilimuuliza binti ana umri gani. Mwanafunzi wangu alikuwa amesimama kando na kalamu, ananitazama kwa mshangao, maana hivyo sivyo nilivyomfundisha. Mwanamke aliendelea kuongea, taratibu zaidi, akapunguza sauti, mpaka maneno yakamwishia. Akakunja kitenge magotini, akakinyoosha, akakikunja tena.

"Sema sasa," akaniambia.

Nikamwambia.